Vidole Vitatu Juu ya Mshipa

Daftari la kliniki la mama mkubwa wangu lina jalada la bluu lililofifia na kona zilizokunjika. Ndani yake kuna miaka sita ya presha: tarehe, namba ya juu, namba ya chini, na pembeni, kwa mwandiko mdogo, namba ya tatu ambayo mashine huitoa bila kuombwa, ile ya mapigo ya moyo kwa dakika. Presha yake ilipanda na kushuka kama ya wazee wengi: 150 kwa 90, 160 kwa 95, siku njema 140 kwa 80. Iliyonishtua, nilipokuja kulisoma daftari lile baadaye, ni namba ya tatu. Machi 72. Aprili 118. Juni 64. Agosti 131. Mtu ameketi kwenye benchi nusu saa akisubiri jina lake liitwe. Moyo wake una kazi gani ya kupiga mara 131 kwa dakika? Hakuna aliyeuliza. Hata sisi wanawe hatukuuliza, maana tulizoea kutazama namba mbili za kwanza tu.

Mwenyewe alikuwa ameshasema. "Moyo wangu," alituambia Krismasi moja tukiwa jikoni, "unatwanga kama wanawake wawili waliogombana kwenye kinu kimoja." Aliyewahi kuona watu wakitwanga kwa kupokezana atamwelewa. Mchi huu ukipanda ule unashuka, na mlio wake unaweza kuusikia ukiwa shambani ukajua kazi inakwenda vizuri. Wakikosana, michi hugongana, mara kimya, mara mapigo matatu ya haraka, mara kimya tena. Tulimwambia ni uzee. Tulimwambia apunguze chai ya rangi. Asubuhi moja ya masika kikombe kilimponyoka, mdomo ukapinda, na mkono wake wa kulia haukumtii tena.

Hospitalini, kabla mashine yoyote haijaletwa, muuguzi wa makamo alimshika mkono, akaweka vidole vitatu chini ya kidole gumba, akanyamaza karibu dakika nzima akiitazama saa yake. Kisha akasema, "Mapigo yake yamevurugika." Karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo iliyotoka baadaye ilisema hivyo hivyo. Ule ulikuwa mwaka wa sita wa kliniki, na sikumbuki kama kuna siku mtu aliwahi kumshika mshipa.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuuliza. Maswali yangu yalikuwa mawili, na ilinichukua muda kuona kwamba watu wengi huyachanganya: wazee wangapi wana mapigo yasiyo sawa, na je, hatari yake ni kubwa kiasi gani? Kinachoonekana kwa wazee karibu wote mara nyingi hakina madhara. Kinachoua kimejificha kwa wachache.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Anayeushikia mdundo ni kifundo kidogo cha chembe kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia, ambacho Arthur Keith na Martin Flack walikigundua Uingereza mwaka 1907. Kifundo hicho hutoa umeme kidogo, umeme husambaa kwenye vyumba viwili vya juu, hupumzika kidogo kwenye kituo cha katikati, kisha huteremka vyumba vya chini vinavyosukuma damu mwilini. Umri haukiachi kifundo hicho salama. Mtu anapofika miaka 75, chembe zake za kuanzisha mapigo zilizobaki ni kama sehemu moja tu kwa kumi ya zile za ujanani. Nyaya za umeme nazo huota makovu. Na ikiwa mtu amekaa na presha miaka ishirini, vyumba vya juu vinakuwa vimetanuka kama kiriba kilichojazwa kupita kiasi.

Kwa hiyo moyo wa mzee kuteleza hapa na pale si ajabu. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1982 ambao ningependa kila daktari wa wilaya aukumbuke. Watu 98 wenye afya njema, wa miaka 60 hadi 85, walifungwa mashine ya kurekodi moyo kwa saa 24. Asilimia 88 walikutwa na mapigo ya nyongeza yanayotoka vyumba vya juu, na asilimia 80 yanayotoka vyumba vya chini. Hawa walikuwa wazima, waliochaguliwa kwa uzima wao! Pigo la nyongeza ni pigo lililowahi kabla ya zamu yake. Baada yake moyo hutulia kidogo, halafu pigo linalofuata huja kwa nguvu, na mtu husema moyo wangu umeruka, au umenidondoka. Yule mtwangaji mmoja amekosea zamu mara moja, kisha wameendelea.

Tamaa ya kuyatibu mapigo hayo iliwahi kugharimu maisha ya watu. Miaka ya 1980 madaktari wa Marekani waliamini kwamba mtu aliyenusurika shambulio la moyo, akiwa na mapigo mengi ya nyongeza, atalindwa na dawa za kuyanyamazisha. Dawa zilikuwepo, na kweli ziliyanyamazisha. Karatasi za vipimo zikawa safi. Utafiti mkubwa uliofanywa kuthibitisha faida yake ukalazimika kusitisha dawa mbili mwaka 1989, kwa sababu waliozimeza walikuwa wanakufa zaidi ya mara mbili ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hilo lilibadilisha udaktari wa moyo. Tangu hapo daktari mwangalifu haulizi tu karatasi imeonyesha nini, huuliza pia moyo wenyewe ukoje: una kovu, umepanuka, unasukuma damu vizuri? Mapigo yale yale ya nyongeza ni kelele tupu kwa moyo mzima, lakini kwa moyo wenye kovu kubwa yanaweza kuwa dalili ya mbio za vyumba vya chini, zile zinazomwangusha mtu ghafla. Mzee ambaye moyo unamruka kisha akazimia, au akabanwa kifua, au akaishiwa pumzi, huyo asiambiwe ni uzee. Apelekwe hospitali.

Sasa nije kwenye kile kilichompata mama mkubwa. Madaktari hukiita fibrilesheni ya atria. Mimi nitakiita mpapatiko, maana ndicho kinachotokea. Vyumba vya juu vinaacha kusukuma na kuanza kupapatika kama samaki aliyetolewa majini, umeme ukizunguka ndani yake mara 350 hadi 600 kwa dakika. Kituo cha katikati hakiwezi kupitisha yote hayo. Hupitisha kinachoweza, bila mpangilio, na vyumba vya chini hupiga kwa pupa na kwa kubahatisha. Ndiyo maana mapigo ya mpapatiko hayana mdundo wowote unaoweza kuufuata kwa kidole.

Moyo kwenda mbio bila mpangilio unachosha, na ukiachwa miezi na miaka unaweza kushindwa kazi. Lakini balaa lake kubwa liko kwenye mfuko mdogo ulio pembeni ya chumba cha juu cha kushoto, umbo lake kama ncha ya kidole cha glavu. Chumba kikipapatika, damu ndani ya mfuko ule hudumaa, na damu iliyodumaa huganda. Siku moja donge hilo huchomoka, hushuka chumba cha chini, husukumwa nje, na kwa kuwa mishipa ya kwanza mikubwa inaelekea kichwani, huko ndiko linakokwenda. Kwa wagonjwa wa mpapatiko ambao valvu zao ni nzima, madonge yapatayo tisa kwa kumi hupatikana ndani ya mfuko huo. Na kwa kuwa donge lenyewe mara nyingi ni kubwa, huziba mshipa mkubwa. Kiharusi cha mpapatiko huwa kikali kuliko vingi.

Watu wa mji wa Framingham, Massachusetts, ambao mioyo yao imefuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1948, ndio waliotupa hesabu hii. Mwenye mpapatiko ana hatari ya kiharusi karibu mara tano ya asiye nao. Katika viharusi vya watu wa miaka 50 hadi 59, mpapatiko ulibeba lawama ya asilimia 1.5 tu, kwa wa miaka 80 hadi 89, asilimia 23.5. Presha, ambayo ndiyo mama wa viharusi vingi, nguvu yake ilikuwa inapungua kadiri umri unavyosonga, lakini mpapatiko ulishikilia nguvu yake hadi uzee wa mwisho.

Je, ni wangapi? California, katika hesabu iliyochapishwa mwaka 2001, mpapatiko ulikuwa kwa mtu mmoja kati ya elfu wa umri chini ya miaka 55, na kwa asilimia 9 ya waliofika miaka 80. Rotterdam, Uholanzi, waliopita miaka 85 walikuwa na asilimia 17.8. Huko mtu akiwa na bibi na babu na ndugu zao wachache, karibu lazima awemo mmoja.

Na huku kwetu? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, kwa sababu hesabu bora ya vijijini niliyoipata ilifanywa wilayani Hai, mlimani Kilimanjaro, kwenye migomba na kahawa nilikokulia. Watafiti wa Tanzania na wenzao kutoka kaskazini mwa Uingereza walizunguka vijijini wakawapima moyo watu 2,232 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Majibu yalichapishwa mwaka 2012. Wenye mpapatiko walikuwa 15. Haifiki asilimia moja.

Mtu angesoma hapo akafunga kitabu, akamshukuru Mungu. Mimi pia nilifurahi kwa siku moja hivi. Sehemu ya furaha hiyo ni halali: wazee wa Hai wa wakati ule walikuwa wembamba, wanatembea milima kila siku, na magonjwa ya mishipa ya moyo kama ya Ulaya yalikuwa machache kwao. Tena inajulikana kwamba Wamarekani wenye asili ya Afrika hupata mpapatiko mara chache kuliko Wamarekani weupe, japo presha yao ni kubwa zaidi. Huenda kuna jambo kwenye damu. Lakini kipimo cha mara moja hunasa sekunde chache tu za maisha ya mtu. Mara nyingi mpapatiko huja na kuondoka, leo saa tatu, wiki ijayo dakika ishirini, na mzee aliyepimwa Jumatatu moyo ukiwa umetulia huandikwa mzima.

Na kuna sababu ya tatu, ndiyo inayoninyima raha. Ndoo inayovuja haijai hata bomba likifunguliwa kutwa. Watu wakipata ugonjwa na kufa haraka, anayekuja kuhesabu atakuta wachache. Utafiti mmoja wa nchi 47 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 15,000 waliofika kitengo cha dharura wakiwa na mpapatiko. Ndani ya mwaka mmoja, Ulaya magharibi na Amerika Kaskazini alikufa mmoja kati ya kumi. Afrika alikufa mmoja kati ya watano, ingawa wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi. Ugonjwa unaomkuta Mholanzi mwenye miaka 85 akaishi nao hadi 92, kwetu unamchukua mtu kabla msimu wa kahawa haujarudi.

Wagonjwa wetu ni vijana zaidi kwa sababu moja ya kusikitisha. Katika utafiti huo huo, asilimia 22 ya wagonjwa wa mpapatiko barani Afrika walikuwa na valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanza na koo la utotoni lisilotibiwa. Amerika Kaskazini ilikuwa asilimia 2 hivi. Mpapatiko wa wazee wetu kwa kiasi kikubwa ni mtoto wa presha. Ule wa mama wa miaka 35 mara nyingi ni deni la penisilini ambayo hakuchomwa akiwa darasa la tatu.

Wakati huohuo kijiji kinashuka mjini. Kati ya mwaka 2003 na 2006 viharusi vilihesabiwa Hai na Dar es Salaam kwa njia moja. Umri ukishasawazishwa, Hai ilikuwa na 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Karibu mara tatu, ndani ya nchi moja. Viharusi hivyo vina visababishi vingi, mpapatiko ni kimojawapo tu. Lakini chumvi, uzito, kisukari na presha vinavyozidi kutufuata ndivyo hivyo hivyo vinavyotanua vyumba vya juu vya moyo. Wazee wa Hai wa mwaka 2012 walikuwa watu wa jembe. Watakaofuata ni sisi wa ofisini na wa bodaboda.

Kitu kinachonifanya nisikate tamaa ni kwamba kiharusi cha mpapatiko ni miongoni mwa viharusi vinavyozuilika vizuri kabisa. Dawa za kuzuia damu isigande, watu wengi huziita dawa za kuifanya damu kuwa nyepesi, zimekuwepo muda mrefu. Warfarini hupunguza viharusi hivyo kwa karibu theluthi mbili. Utasikia watu wakisema ni sumu ya panya. Ni kweli iliuzwa hivyo kwanza, mwaka 1948. Mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alipewa baada ya shambulio la moyo. Kwa kipimo sahihi inalinda.

Mama mkubwa anaimeza, na maisha ya warfarini nimeyaona kwa karibu. Kila baada ya wiki kadhaa lazima ateremke Moshi mjini kupima INR, namba inayoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Anatakiwa awe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo dawa haimlindi, juu sana anaweza kuvuja damu. Vitamini K iliyomo kwenye majani mabichi hushindana na dawa hiyo, na sisi ni watu wa majani: mchicha, kisamvu, matembele, majani ya maboga. Mwanzoni dada yangu alisikia nusu ya ushauri akamkataza mboga zote, bibi wa watu akawa anakula ndizi na maharage tu huku anatazama bustani yake. Ushauri kamili ni kwamba ale, ila kiasi kisiyumbe. Si wiki hii kisamvu kila siku na wiki ijayo hakuna jani. Aliporudia kibakuli chake cha mchicha cha kila jioni, INR yake ilitulia kuliko tulipomnyima.

Kitu tulichokikatilia mbali ni diklofenaki. Kila duka la dawa linauza, kila mzee mwenye goti linalouma anayo mfukoni, na ukiichanganya na warfarini tumbo linaweza kuvuja damu kimyakimya. Pia mitishamba, ambayo wazee humeza bila kumwambia mtu. Simlaumu mzee, mwulize tu kwa heshima, atakuambia.

Na aspirini? Hili nalisema kwa sababu bado naona wazee wengi wa mpapatiko wanapewa aspirini ndogo kwa nia njema, kwamba warfarini ni kali mno kwa umri wao. Uingereza walilipima hilo. Watu 973 wenye miaka 75 na zaidi, wote wana mpapatiko, nusu walipewa warfarini na nusu aspirini. Majibu yalitoka mwaka 2007. Kundi la aspirini lilipata viharusi vikubwa na madonge kwa asilimia 3.8 kwa mwaka, la warfarini 1.8. Uvujaji mkubwa wa damu haukutofautiana. Uzee wenyewe ndio sababu ya kupewa dawa ya kweli: katika hesabu ya alama ambayo madaktari hutumia kupima hatari ya kiharusi, kufikisha miaka 75 peke yake ni alama mbili, sawa na mtu aliyekwisha kupata kiharusi.

Siku hizi kuna vidonge vipya, kina apiksabani na rivaroksabani, visivyohitaji INR wala hesabu ya mboga, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliviingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwa mzee anayeishi saa mbili kutoka maabara, hivyo ndivyo vingemfaa. Bei yake bado ni mzigo kwa familia nyingi. Na visipewe kila mtu: utafiti uliotoka mwaka 2022, uliofanywa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kwamba wenye valvu zilizoharibiwa na baridi yabisi hulindwa vizuri zaidi na warfarini ile ya zamani.

Nisisahau wale ambao moyo wao unakwenda polepole mno. Mzee anayeanguka bafuni, anayezimia kanisani akisimama kuimba, ambaye mapigo yake ni 35 kwa dakika, kifundo chake cha mdundo kimechoka au waya wa katikati umekatika. Huyu dawa haimsaidii sana. Anahitaji betri ya moyo. Ya kwanza kabisa kuwekwa ndani ya mwili wa binadamu iliwekwa Stockholm mwezi Oktoba 1958, kwa Arne Larsson aliyekuwa na miaka 43. Ilidumu saa chache, wakambadilishia, na wakaendelea kumbadilishia kwa miaka zaidi ya arobaini. Alifariki mwaka 2001, kwa ugonjwa mwingine, baada ya wote wawili waliomwokoa, daktari wake na fundi wake, kutangulia. Leo betri hizo zinawekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ugumu uko mwanzoni, kwamba mzee aliyeanguka mara tatu kuna watu wanaamini amerogwa, na wengine wanaamini amezeeka, na wote hao hawamshiki mshipa.

Kuna swali la haki ambalo wenye mashaka huuliza: tukianza kuwapima wazee wote si tutawatia hofu bure? Wadenmaki walilijaribu kwa ukali. Waliwachukua watu zaidi ya 6,000 wa miaka 70 hadi 90, robo yao wakawekewa chini ya ngozi kifaa kidogo cha kusikiliza moyo usiku na mchana. Mpapatiko ulionekana kwa karibu thuluthi ya waliowekewa, na kwa asilimia 12 tu ya wengine. Lakini viharusi havikupungua kiasi cha kuaminika. Maana yake ni kwamba ukiutafuta mpapatiko kwa darubini utaukuta hata ule wa dakika chache usio na uzito. Nakubali. Sidai vifaa chini ya ngozi za bibi zetu. Nadai kidole. Mpapatiko unaokaa, ule wa kila siku, ambao mtu akigusa mkono anaukuta, huo ndio wa kutafutwa, na miongozo ya wataalamu wa moyo wa Ulaya inapendekeza mtu wa miaka 65 na zaidi ashikwe mshipa anapofika kwa daktari kwa sababu yoyote.

Mashine za presha za betri zimetusaidia sana, lakini zimetunyang'anya kitu hiki. Zamani muuguzi alimpapasa mgonjwa mkono, akasikia. Sasa mashine huvuma, hutoa namba tatu, na mgonjwa anayefuata huitwa. Namba ya 72 haisemi kama hayo 72 yalikuja kwa mstari au kwa vurugu. Tena mpapatiko huichanganya mashine yenyewe, ikatoa presha tofauti kila ukirudia.

Namna ya kufanya haina ufundi mkubwa. Mzee akae atulie dakika tano. Kiganja chake kitazame juu. Weka ncha za vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, kwenye kile kishimo kilicho chini ya shina la kidole gumba. Usitumie gumba lako, lina mapigo yake litakudanganya. Bonyeza taratibu hadi usikie. Usihesabu kwanza, sikiliza mdundo. Ukiweza kubashiri pigo lijalo, ni vizuri. Likiruka moja hapa na pale kisha mdundo ukarudi pale pale, huenda ni nyongeza tu. Ukishindwa kabisa kubashiri, kwa dakika nzima, na ukirudia kesho umeshindwa tena, mpeleke akapigwe kipimo cha umeme wa moyo. Ni karatasi tu, hakina sindano.

Kilimanjaro tuna msimu wetu wa kulifanya hili, Desemba, sote tunapopanda nyumbani. Ni msimu wenye sababu nyingine pia. Mwaka 1978 madaktari wa Marekani walieleza jinsi mpapatiko unavyowashika watu baada ya wikiendi na sikukuu za kunywa sana. Pombe nyingi kwa mkupuo huutikisa umeme wa moyo, iwe wiski au mbege. Mwaka jana, siku mbili baada ya Krismasi, niliwashika mikono wazee saba kwenye ua wetu, wakicheka kwamba nimekuwa mganga. Sita walikuwa sawa. Wa saba, mjomba wangu, nilibaki na mkono wake hadi akaacha kucheka. Januari alipewa majibu Moshi, na dawa.

Mama mkubwa anatembea sasa kwa fimbo. Mkono wa kulia hulala mapajani, na anasukuma maneno kama anayesogeza kabati. Daftari jipya lina safu mbili zaidi: moja ya INR, nyingine ambayo mjukuu ameiandika kwa kalamu nyekundu, *mdundo*. Nikifika, kabla sijaketi, hunyoosha mkono wa kushoto kiganja juu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Wanatwangaje leo?"

Ninasikiliza. Tatu za haraka, kimya, moja nzito, mbili. Kidonge cha kupunguza kasi kimefanya kazi yake. Vurugu ipo, ila haina papara. Ninatazama saa: 76.

"Bado wamegombana, mama."

"Basi," anasema, akichukua muda wake, "wagombane polepole."